Metali na Metali za Thamani

Ukipita sokoni Babati utaona majembe, sufuria, misumari na mabati. Vitu hivi vyote vimetengenezwa kwa metali. Metali hung'aa ikisuguliwa, hupitisha joto na umeme, na nyingi huweza kufuliwa kwa nyundo bila kuvunjika.

Fungu la kwanza la metali ni chuma na michanganyiko yake. Vingi katika fungu hili huvutwa na sumaku, na hushika kutu vikiachwa penye unyevu. Fungu la pili ni metali zisizo na chuma, kama vile shaba, alumini, zinki na risasi. Nyingi kati ya hizi hazivutwi na sumaku. Ndiyo sababu mnunuzi wa vyuma chakavu hutumia sumaku: hutenga shaba, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya chuma. Lakini jina lisikupotoshe. Bati la paa ni bamba la chuma lililopakwa zinki ili lisishike kutu.

Wahunzi wa Kidatoga, ambao huishi pande za Hanang na Ziwa Eyasi, wanazijua tofauti hizi vizuri. Msumari huupasha moto hadi uwe mwekundu, kisha huufua kuwa ncha ya mshale. Kufuli na bilula kuukuu za shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, huziyeyusha na kuzimimina katika kalibu ili kupata bangili. Shaba hiyo huyeyuka penye nyuzi 900 hivi za Sentigredi. Chuma huhitaji nyuzi 1,538, na moto wa mkaa wa mhunzi haufiki huko kwa urahisi.

Fungu la tatu ni metali za thamani: dhahabu, fedha na platinamu. Ni adimu, wala hazishiki kutu kama chuma. Dhahabu huchimbwa Geita. Sentimeta moja ya ujazo wa dhahabu ina gramu 19.3; ya chuma ina gramu 7.9 tu. Hivyo pete ya shaba ya manjano yaweza kumdanganya mnunuzi kwa rangi, bali uzito huifichua.

Je, tanzanaiti ni metali? Jiwe hili la buluu liligunduliwa mwaka 1967 huko Mirerani, mkoani Manyara. Ndani yake mna alumini na kalisi, ila zimeungana na elementi nyingine. Halipitishi umeme, na ukiligonga kwa nyundo hupasuka. Ni kito.

Maswali
1. Kusanya msumari, waya wa shaba, kifuniko cha sufuria na sarafu. Ni vipi vinavyovutwa na sumaku?
2. Kwa nini bati lililokwaruzwa sana hushika kutu?
3. Tanzanaiti ni ghali. Mbona haimo katika fungu la tatu?