Kupima ni Amana, Kusitiriana ni Wajibu



Ndugu zangu na dada zangu, darsa la leo naanza na kisa changu mwenyewe. Kabla ya nikaha, walii wa mchumba wangu alituomba tupime Ukimwi, kaswende na homa ya ini. Nikaenda zahanati. Mhudumu akauliza kwa sauti dirishani, "Wewe umekuja kupima nini?" Benchi zima likageuka, na wawili kati yao nasali nao safu moja. Nikasema kichwa kinaniuma. Nikapewa vidonge, nikarudi hosteli.

Usiku ule sikulala. Mimi niliyetumwa na walii nimekimbia. Je, aliyeteleza na anaogopa atathubutu? Na mke asiyejua mumewe amebeba nini?

Kwanza, tuyajue maradhi yenyewe. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma. Kidonda hupona chenyewe, maradhi yakabaki mwilini, na mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Kisonono na klamidia mara nyingi havioneshi dalili, hasa kwa wanawake, na vikiachwa vinaweza kuleta utasa. Yote matatu yana tiba. Anayemeza vidonge vya duka la dawa kwa kukisia hujichelewesha na kuyapa maradhi nguvu ya kuishinda dawa. Ukimwi bado hauponi, lakini anayetumia dawa ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Homa ya ini ya aina B ina chanjo.

Pili, dini yasemaje? Wapo wanaodai kwamba kurahisisha upimaji ni kuifungulia zina mlango. Zina ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini aibu ya dirishani haimrudishi mtu kwenye toba. Inamzuia tiba tu, na madhara yanamfikia asiye na kosa. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na ametufundisha kwamba amsitiriye Muislamu, Allah atamsitiri. Suratul Hujurat nayo inatukataza kupelelezana.

Hapa Uganda tuna mfano. Mwaka 1990 kituo cha AIDS Information Centre kilianza kupima watu Kampala bila kuwauliza majina. Na madaktari Waislamu wa nchi hii waliwafundisha maimamu kuuzungumzia Ukimwi waziwazi misikitini.

Tatu, tufanye nini? Chama chetu kiiombe zahanati ya chuo mambo manne: chumba cha faragha, namba badala ya jina, dada wahudumiwe na dada, na bei ambayo mwanafunzi ataimudu. Nasi tuzilinde ndimi zetu: ukimwona mwenzako pale, hukumwona.

Wiki iliyofuata nilirudi, rafiki yangu akanisindikiza. Hakuniuliza neno. Tone la damu kidoleni, na chini ya nusu saa nilikuwa na majibu. Nesi akanishauri kurudia kipimo cha Ukimwi baada ya miezi mitatu ikiwa kuna shaka ya karibuni, maana maambukizi mapya huenda yasionekane mapema.

Ewe ndugu, kabla ya kuposa, pima. Na mwenzako akiogopa, msindikize.

Allah atupe afya, atusitiri na atukubalie toba. Amin.