Mwanga katika Picha za Video

Simama ndani ya darasa wakati wa mchana, utazame mlangoni. Unamwona mwenzako aliyesimama kizingitini, na uwanja wenye jua nyuma yake unauona pia. Kamera ya video ya dijitali haioni vizuri hivyo.

Ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, mna vijichumba vidogo sana vya kupokea mwanga. Kila kijichumba ni kama ndoo inayokinga mvua. Ndoo ikijaa, maji yanayozidi humwagika. Vivyo hivyo, kijichumba kikijaa, sehemu hiyo ya picha huwa nyeupe tupu. Kikipata mwanga haba mno, huwa nyeusi. Katika picha nyingi za dijitali mwangaza huandikwa kwa namba: 0 ni nyeusi, 255 ni nyeupe.

Kamera ikipokea mwanga mwingi, uso wa mwenzako utaonekana, lakini uwanja utapotea katika weupe. Ikipokea mwanga kidogo, uwanja utaonekana, lakini uso utakuwa mweusi. Kilichopotea katika weupe hakirudi, hata kwa kompyuta. Basi mgeuze mwenzako aelekee mwanga kabla ya kupiga picha.

Jaribio: Mwambie mwenzako afunike macho kwa viganja kwa dakika moja, kisha afunue. Tazama mboni zake. Zimefanya nini?

Angalizo: Usitazame jua kamwe, wala usilielekezee kamera.

Maswali
1. Kwa nini weupe uliozidi haurekebishiki?
2. Mboni ya jicho hufanya nini penye mwanga mkali?