Mpe udongo kabla ya maswali

Wadogo zangu, leo naanza na mama mmoja wa Kadutu, kwa sababu swali lake liko katika nyumba nyingi za hapa Bukavu. Kijana wake ana miaka 6. Mlango ukibamizwa, au ngurumo ikipiga upande wa ziwani, anapiga kelele, anarusha vitu, anampiga mdogo wake, kisha analia mpaka usingizi umchukue. "Nimemuuliza ana nini, hanijibu. Nimemchapa, hajaacha."

Mama, hakujibu kwa sababu jibu hana. Mtoto wa miaka 6 hawezi kukueleza kwamba mwili wake haujatoka katika zile siku za Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, watu wakivunja maduka na depo, nasi tukiwa tumelala chini mbali na madirisha. Wengi wetu tunaijua hofu hiyo tangu utotoni. Nani alituuliza tumelalaje Juni 2004, wanajeshi waasi wa Nkunda na Mutebutsi walipouteka mji? Nani alitushika mkono tarehe 3 Februari 2008, baada ya tetemeko, tulipoogopa kurudi ndani? Tuliambiwa tunyamaze, tukanyamaza. Watoto wetu wanastahili zaidi ya hapo.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kuzuia kasirani, huendelea kukomaa mpaka karibu na umri wa miaka 25. Ile ya kushtuka na kujihami inafanya kazi tangu uchanga. Mtoto akishashtuka, maswali yako hayamfikii, na fimbo inamwongezea kishindo kingine. Kwa hiyo shauri langu ni moja: mikono kwanza, maneno baadaye.

Mikononi tumpe nini? Wengi wanashauri unga wa ngano wenye chumvi, mafuta na rangi. Kwa nyumba zetu sikubali. Huwezi kumpa mtoto unga wa kuchezea mchana, halafu jioni umwambie bukari ni kidogo. Chukua udongo, Bukavu umejaa. Ila usichimbe kwenye ukingo wa bonde mvua ikiwa imenyesha, unajua jinsi vilima vyetu vinavyoporomoka, wala karibu na choo au jalala. Waambie watoto wasiguse kabisa chuma wasichokijua wanapookota vitu vya kuchezea. Risasi na mabomu madogo yanaweza kubaki ardhini muda mrefu baada ya vita, na yanaua.

Toa mawe na mizizi, nyunyiza maji kidogo kidogo, ukande. Ukitaka kujua kama umekuwa tayari, viringisha kipande chembamba kama kidole, kisha kizungushe kwenye kidole chako. Kikipasuka, ongeza maji. Kikinata kiganjani, tandaza udongo juu ya gunia kivulini, usubiri. Unaobaki uufunge katika kitambaa chenye unyevu ndani ya sashe, kesho utautumia tena.

Sasa keti chini naye, mikono yako nayo iingie. Usimwagize, "Nifanyie ng'ombe mzuri." Anza wewe kuviringisha nyoka mrefu, polepole, kwa kiganja chote, halafu umzungushe juu kwa juu mpaka awe chungu. Mama zetu Watwa wa Idjwi na Kalehe wanaijua sana kazi hii ya kufinyanga, na hakuna anayeifanya kwa haraka. Chungu kikisimama, mwambie akipulizie ili kikauke. Pumzi inayotoka taratibu inapunguza mbio za moyo, nawe hutakuwa umemwambia "tulia" hata mara moja.

Kuna wanaosema mtoto aupige ule udongo ngumi ili hasira itoke. Nakataa, na nina sababu. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman wa Marekani alichapisha jaribio lake: watu waliokasirishwa, kisha wakapiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi, walibaki na hasira zaidi kuliko wale walioketi tu kimya. Mikono inayopiga inajifunza kupiga. Akande, abonyeze, avute, alainishe.

Fanya hivi wakati ametulia, kila siku baada ya chakula, ili mikono izoee. Siku akilipuka, mwondoe mdogo wake karibu, keti kando, weka donge la udongo pale anapoweza kulifikia, nyamaza. Machozi yakipungua ndipo useme maneno machache tu: "Ule mlango ulikushtua. Niko hapa." Asipojibu, usidai jibu.

Na jiandae, atafinyanga bunduki. Atafinyanga askari, gari lao, pengine mtu amelala chini. Najua moyo wako utaruka, utataka kuviponda na kumwambia afanye kitu kizuri. Usiviguse, tafadhali. Hicho ndicho alichokuwa hana maneno yake, na sasa amekiweka mezani mbele yako. Muulize kwa sauti ya kawaida: huyu anakwenda wapi? Nani anamsaidia? Baadaye nini kinatokea? Ukiona siku moja ameongeza nyumba, au mama, au mlango unaofungwa, jua kuna kitu kinasogea ndani yake. Akitaka kuvivunja avivunje mwenyewe, kwa saa yake.

Kijana mkubwa anayeona udongo ni wa watoto wadogo, mwombee kwa fundi cherehani vipande vya vikwembe, asuke kamba, au asokote mpira wa masashe. Kusuka kunatuliza vilevile. Ukitafuta vitu vingine vya mikono, mtoto wa chini ya miaka 3 usimpe punje za maharagwe wala shanga, zinaweza kumkaba.

Nikugeukie wewe, dada wa miaka 13 unayebaki na wadogo mama anapovuka mto Ruzizi kwenda kutafuta maisha Kamembe, Rwanda. Na wewe ulizipitia siku zile zile. Kata donge lako. Si kazi yako kuwa mtulivu peke yako kwa ajili ya nyumba nzima, na mama akirudi jioni, mwambie na wewe ulivyoshinda.

Udongo una mipaka yake. Mtoto akirudia kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, akikosa usingizi au kukataa chakula kwa wiki kadhaa, akijiumiza, akiacha kabisa kucheza, au akifinyanga tukio lile lile kila siku huku woga ukizidi, mpeleke kwa wahudumu. Anzia kituo cha afya cha karibu, uulizie mwanasaikolojia. Mjini tuna SOSAME kwa magonjwa ya akili, na Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Mukwege mwaka 1999, ambayo inatibu majeraha ya moyo pamoja na ya mwili. Kumpeleka huko si kumwita mwendawazimu, hata majirani wakisemaje. Mweleze mhudumu yalianza lini, nini kinamshtua, analala saa ngapi. Na yale aliyoyafinyanga, kama mtoto amekubali, yafunge vizuri uende nayo.