Harufu Utaizoea, Msimamo Uje Nao

Mdogo wangu anayesoma udaktari kule Maryland, Marekani, ameniandikia. Anataka kuwa mwanapatholojia katika ofisi ya jimbo, miongoni mwa madaktari wanaochunguza vifo vya ghafla, vya ajali na vyenye utata. Mama yake amekataa katakata: "Usome miaka yote hiyo ukapasue maiti? Nani atakuposa?" Naye mwenyewe ana wasiwasi. Tangu aingie mochwari kwa mafunzo, harufu haijamtoka puani. Anauliza kama ataweza.

Haya, sogea tuzungumze, maana kazi hii ndiyo inayonilisha.

Harufu utaizoea. Vyumba vina mitambo ya kuvuta hewa, na ukishashika kisu akili yote inahamia kwenye kile unachokitafuta. Wasioweza kabisa hujijua mapema, tena si wengi. Kwa hiyo mdogo wangu, hujaniuliza swali lenyewe. Mtihani wa kazi hii uko kwenye karatasi.

Cheti cha kifo kinatudai majibu mawili. La kwanza ni kilichomuua mtu: risasi ya kifuani, mshipa wa moyo ulioziba, dawa ya fentanili. La pili ni namna kifo kilivyokuja, na hapo kwa kawaida unachagua moja kati ya matano: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, au haijabainika. Mwili unasaidia sana kwa lile la kwanza. La pili unalitafuta pia kwenye taarifa za wachunguzi waliofika eneo la tukio, mafaili ya hospitali, na majibu ya maabara ya sumu ambayo huweza kuchukua wiki kadhaa. Na hilo la pili ndilo litakaloleta watu mlangoni kwako.

Mzazi atakupigia simu akilia, akikusihi uandike ajali badala ya kujiua. Anafikiria maneno ya watu, anafikiria dini, pengine na bima ya maisha. Mpelelezi naye atataka jibu kabla ya Ijumaa. Usimkatize mzazi. Muulize maswali, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayejua alichokisema marehemu jana yake. Kisha andika kile ambacho ushahidi unakibeba. Ukikosa cha kubeba, andika haijabainika, na usiyumbe hata wakikuona mzembe. Mahakamani vivyo hivyo: wakili atakuzungusha weee ili useme zaidi ya ulichokiona. "Sijui" ni jibu kamili, ilimradi umeshafanya kazi yako.

Mtazame Bennet Omalu, daktari kutoka Nigeria. Mwaka 2002, akiwa katika ofisi ya kaunti huko Pittsburgh, aliuchunguza mwili wa Mike Webster, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa amechanganyikiwa miaka yake ya mwisho. Kwa macho ubongo ulionekana mzima. Omalu hakuridhika. Aliutazama kwa darubini, akakuta madhara ya kupigwa kichwa mara kwa mara. Alipochapisha matokeo mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi walitaka makala hiyo iondolewe. Hakuiondoa. Mwaka 2017 alijiuzulu katika kaunti moja ya California akilalamika kwamba sherifu anaingilia maamuzi yake. Kumbuka kwamba katika kaunti nyingi za jimbo hilo, sherifu ndiye pia koroneri, yaani msimamizi wa uchunguzi wa vifo.

Ndiyo maana nakwambia uangalie mfumo kabla ya mshahara. Marekani haina utaratibu mmoja. Sehemu nyingi bado zina koroneri wa kupigiwa kura, ambaye mara nyingi halazimiki kuwa daktari. Massachusetts iliachana na koroneri mwaka 1877, ikaweka madaktari. Hapo Maryland kwenu, ofisi ya jimbo zima ilianzishwa mwaka 1939, ya kwanza ya aina yake nchini.

Kuhusu safari yenyewe: ukimaliza shule ya udaktari, kuna miaka 3 au 4 ya patholojia, mwaka 1 wa patholojia ya kisheria, halafu mtihani wa bodi. Mshahara ni wa serikali, kwa kawaida uko chini ya wa wenzako wa hospitali. Kwa upande mwingine, wenye sifa hii ni wachache, nafasi ziko wazi, na mkopo wako wa shule, kama ni wa serikali kuu, unaweza kufutwa salio baada ya malipo 120 ukiwa mtumishi wa umma.

Tukija kwa mama: mkumbushe wanaoosha maiti mtaani kwenu. Kuna anayewadharau? Mwambie pia kuna asubuhi familia ya Kiislamu itapiga simu ikitaka kuzika siku hiyo hiyo. Baadhi ya majimbo yanairuhusu familia kupinga upasuaji kwa sababu za dini, ila palipo na shaka ya jinai uchunguzi unaendelea. Wewe unayejua uzito wa mazishi kuchelewa utaupanga mwili huo kuwa wa kwanza, utaangalia kama uchunguzi wa nje au picha za CT zinatosha, na utaieleza familia kwa lugha inayoielewa.

Sasa fanya hivi. Omba mwezi mmoja wa mafunzo katika ofisi ya jimbo. Siku daktari anapoitwa kutoa ushahidi, mfuate ukakae nyuma usikilize. Utakapoanza usaili wa kazi, uliza kila daktari anapasua miili mingapi kwa mwaka. Chama cha kitaifa cha wachunguzi wa vifo kinashauri isizidi 250, na ikipita 325 ofisi inahatarisha ithibati yake. Uliza maabara ya sumu ni ya nani. Halafu uliza: nikishaandika jibu langu, nani ana uwezo wa kulibadilisha? Wakikuzungusha kwa hilo, shukuru kwa chai, chukua mkoba wako, ukajaribu jimbo jingine.

Dada yako