Majivu ya Maganda ya Mpunga Katika Zege

Kando ya mashine za kukoboa mpunga, iwe Kyela, Ifakara au Mwea, huonekana malundo ya maganda. Mengi huchomwa ovyo na majivu yake kutupwa. Majivu hayo, yakitayarishwa kwa uangalifu, yaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji katika zege. Yasipotayarishwa vema, kuyatia ni kumpunja mwenye nyumba.

Tofauti hiyo ni ya kikemia. Saruji ikikutana na maji hufanyiza silikati za kalsiamu zenye maji, nazo ndizo gundi inayoshikamanisha mchanga na kokoto. Pamoja na gundi hiyo hutokea hidroksaidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa, ambayo haiongezi nguvu nyingi na huweza kuyeyuka polepole maji yapitapo. Silika iliyo tayari kutenda huigeuza chokaa hiyo kuwa gundi zaidi. Warumi wa kale waliitumia kanuni hii kwa majivu ya volkeno ya Pozzuoli, karibu na Napoli; ndiko lilikotoka jina pozolana. Vivyo hivyo mavi ya chuma kutoka viwandani husagwa na kuchanganywa na saruji, na katika bwawa la Hungry Horse huko Marekani, lililokamilika mwaka 1953, majivu ya makaa ya mawe yalichukua nafasi ya sehemu ya saruji.

Mpunga hufyonza silika udongoni na kuiweka katika maganda. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za maganda, nayo yakiungua hubaki kama kilo 4 za majivu. Yakiungua vizuri, gramu 850 hadi 950 za kila kilo ya majivu huwa silika.

Lakini mchanga mweupe nao ni silika, wala hauigeuzi chokaa kuwa gundi. Yote yategemea mpangilio wa atomi. Maganda yakichomwa katika nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi, atomi hukaa bila mpango maalumu, na majivu huwa mepesi kutenda. Joto likipita nyuzi 800 kwa muda mrefu, fuwele hujengeka na majivu hulala. Lundo linalowaka bila kuangaliwa huweza kuwa na makosa yote mawili: kitovu kilichopata joto kupita kiasi, na pembeni maganda meusi kwa kaboni. Hapana budi kutumia tanuri lenye matundu ya hewa, kisha kuyasaga majivu yawe laini kama saruji. Gharama ya kusaga husahauliwa mno katika hesabu za faida.

Darasani, sehemu 2 za majivu na 1 ya chokaa iliyozimwa, kwa uzito, zifinyangwe kwa maji kidogo. Kidonge cha pili kiwe cha mchanga uliosagwa na chokaa. Mikono ilindwe dhidi ya chokaa, na vumbi lisivutwe puani. Vidonge vifunikwe kwa kitambaa kibichi wiki mbili, kisha vitumbukizwe majini. Kile cha majivu mazuri hubaki kigumu. Cha mchanga humomonyoka.

Jaribio hili halipimi nguvu ya nguzo. Kabla ya kujenga, vipande vya mfano sharti vivunjwe maabarani baada ya siku 7 na 28. Kwa kawaida majivu hushika sehemu 10 hadi 20 kati ya 100 za saruji. Kwa kuwa yana vinyweleo, hunywa maji mengi, na fundi anayezidisha maji ili zege liteleze huipoteza nguvu aliyoitafuta. Tena utendaji wake ni wa polepole: zege hili lataka kumwagiliwa kwa wiki mbili au zaidi, kwa maana likikauka mapema majivu huacha kutenda kabla ya kuimaliza kazi.