Taa ya Gari Linaloteleza: Somo kwa Kamati za Parokia

Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi. Ina picha ya gari na chini yake mistari miwili iliyopindapinda. Katika magari mengine huandikwa TRC, TCS au ASR. Magari ya mtumba yaliyotengenezwa miaka ya karibuni, yale tunayoyaona Masasi, Newala na hata Mkunya, mara nyingi huja nayo. Kuna dereva anayeibandika karatasi isimsumbue, na kuna anayeahirisha safari ya mgonjwa kwa kuiogopa. Yote mawili ni hasara kwa parokia.

Mfumo huu hufanya nini?

Nguvu ya injini hufika kwenye magurudumu kupitia difu. Difu ina tabia ya kuliacha gurudumu lisilo na mshiko lizunguke kwa urahisi. Kwa hiyo tairi moja likiwa kwenye tope na jingine pakavu, lile la kwenye tope huzunguka bure na gari halisogei.

Mfumo wa kuzuia utelezi hutibu hali hiyo. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mizunguko yake. Kompyuta ya gari ikiona gurudumu moja linakimbia kuliko mengine, hulikamata kwa breki, au hupunguza nguvu ya injini, au hufanya yote mawili. Sensa hizohizo hutumiwa na mfumo wa breki wa ABS, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutengeneza mwaka 1978. Mfumo wa kuzuia utelezi ulifuata mwaka 1986.

Namna ya kuisoma taa

1. Ukifungua switchi, taa huwaka kidogo kisha huzimika. Hiyo ni kawaida. Isipowaka kabisa, fundi aiangalie, hasa kabla ya kununua gari. Huenda imekatwa ili kuficha ubovu.

2. Ikiwakawaka gari likiwa katika mwendo, mfumo unafanya kazi. Unakuambia njia inateleza. Punguza mafuta na uende taratibu.

3. Ikiwaka bila kuzimika, angalia kwanza kama kitufe cha kuzima mfumo kimebonyezwa. Kama sivyo, kuna hitilafu. Kwa kawaida gari linaweza kuendelea kwa uangalifu, lakini bila msaada huo. Taa ya ABS nayo ikiwaka, breki za kawaida bado zipo, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu.

4. Taa nyekundu ya breki ni jambo jingine. Simama. Kama hendibreki imeshushwa na taa bado inawaka, usiteremke mlima, mwite fundi.

Kabla ya kununua kipuri

Hitilafu nyingi huanzia kwenye gurudumu: sensa iliyojaa tope, waya uliokatwa na kijiti au jiwe, bereng iliyolegea. Matairi ya saizi tofauti nayo huidanganya kompyuta, kwa sababu tairi dogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa. Osheni na mkague kwanza. Kisha gari lipimwe kwa mashine, na fundi aonyeshe ni gurudumu lipi lenye tatizo. Kamati isiidhinishe fedha kwa neno la "sensa imekufa" peke yake.

Mchanga na mteremko

Kwenye mchanga mzito wa uwanda wa Makonde, mfumo unaweza kukata nguvu wakati gari linaihitaji ili lijikwamue. Hapo dereva anaweza kuuzima kwa muda, akatoa mchanga mbele ya matairi, akaweka matawi, kisha akaondoka polepole. Akishatoka, auwashe tena.

Wakati wa masika, kuteremka kutoka uwandani kunahitaji gia namba moja au mbili tangu juu. Mfumo huu hausaidii gari kusimama. Kazi yake ni pale dereva anapokanyaga mafuta. Wala hauwezi kulipa mshiko tairi lililokwisha kuwa kipara. Magari ya zamani yasiyokuwa nao yamepanda na kushuka miaka mingi kwa matairi mazima na dereva mtulivu. Mambo hayo mawili bado ndiyo ya kwanza.

Kwa wafadhili na kamati

Tunawashukuru wote wanaotuchangia magari. Tunaomba mchango wa gari uende pamoja na fungu la matengenezo, hasa matairi manne yanayolingana. Mgonjwa anayesubiri kupelekwa hospitali hasaidiwi na gari lililoegeshwa kwa kukosa waya mmoja.

Maswali ya kujadili

- Je, dereva wetu anajua maana ya kila taa kwenye dashibodi?
- Ni lini mara ya mwisho kamati ilikagua matairi yote, pamoja na la akiba?
- Je, tuna daftari linaloonyesha taa iliyowaka, tarehe, na alichofanya fundi?
- Taa nyekundu ikiwaka usiku na kuna mgonjwa, tumekubaliana kutafuta gari jingine wapi?

Jibuni maswali haya kabla mvua hazijaanza. Tunawatakia safari njema.