Kushona Sungura wa Soksi: Somo la Kazi za Mikono kwa Darasa la Nne

Utangulizi

Walimu wengi wanaoanza kazi hudhani kwamba kipindi cha ushonaji ni cha kupumzisha akili baada ya hesabu na lugha. Dhana hiyo si sahihi. Ushonaji humtaka mtoto apime, alinganishe, atabiri na asahihishe; tena kosa lake halifichiki, kwa kuwa mshono mbaya hufumuka mbele ya macho yake. Katika makala haya tutaeleza namna ya kufundisha kushona mnyama wa kuchezea kutokana na soksi kuukuu, na kuonyesha mahali ambapo somo hili huharibika kwa urahisi.

Tutazame kwanza mfano mmoja wa mbali. Huko Rockford, jimbo la Illinois, Marekani, kiwanda cha Nelson Knitting kilikuwa kikifuma soksi za wafanyakazi, na mwaka 1932 kilianza kuzitia kisigino chekundu ili wanunuzi wazitambue. Watu walioshona wanasesere wa kima kutokana na soksi hizo waliona kwamba kisigino hicho, kwa rangi yake na kwa jinsi kilivyobinuka, kinafaa kuwa mdomo. Mwaka 1955 kiwanda hicho kilipata hataza ya mwanasesere huyo. Funzo lake kwa mwalimu ni hili: washonaji wale walitazama kwanza umbo ambalo soksi yenyewe inalo, kisha wakalifuata.

Kosa la kuepuka

Nilipofundisha somo hili mara ya kwanza, nilikata soksi zote mwenyewe usiku, nikawapa wanafunzi vipande washone kwa mishono mirefu ya kupiga bandi, kwani ndiyo waliyoizoea kwenye vitambaa vya pamba. Kabla kipindi hakijaisha, kingo zilianza kufumuka na sufi ikatokeza mbavuni. Msichana mmoja alichekwa na wenzake. Kwa huruma nikamchukua mnyama wake, nikamshona upya nyumbani. Kesho yake alikataa kumpokea. Alisema kwa adabu, “Huyu si wangu tena, mwalimu. Ni wako.”

Alikuwa na haki. Makosa yangu yalikuwa mawili. Kwanza, sikuwafundisha tabia ya kitambaa cha soksi. Soksi hufumwa kwa vitanzi vya uzi vilivyoshikana. Ndiyo sababu hunyumbuka, na ndiyo sababu ukikikata kitanzi kimoja vingine hufuata. Mshono wa bandi haunyumbuki pamoja nayo, bali hukatika au huachia. Pili, nilimnyang’anya mtoto nafasi ya kurekebisha kazi yake mwenyewe.

Madhumuni

Mwishoni mwa vipindi viwili vya dakika 40, kila mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kwa nini soksi hufumuka inapokatwa;
(b) kushona mshono wa kurudi nyuma, mishono mitatu hivi kwa kila sentimita;
(c) kukamilisha sungura mmoja kwa mikono yake.

Vifaa

Kwa kila mwanafunzi: soksi moja ya mtu mzima iliyofuliwa na kukauka, hata kama haina mwenzake, sindano, uzi na kipande cha chaki. Mkasi mmoja unatosha wanafunzi wanne. Cha kujazia ni sufi iliyotolewa mbegu, au vitambaa vikuukuu vilivyokatwa vidogo vidogo. Sufi hupeperuka na huingia puani. Kwa hiyo igawiwe penye utulivu wa upepo, mbali na moto. Mwalimu ahesabu sindano anapozigawa na anapozikusanya. Zikitoka 30, zirudi 30, na darasa lisitawanyike kabla hazijatimia.

Kipindi cha kwanza: kutazama na kushona

Mwalimu asianze kwa kuonyesha sungura aliyekamilika, maana wanafunzi wataiga bila kufikiri. Awape soksi, kisha aulize: Ni sehemu gani imebinuka? Ni sehemu gani inanyumbuka zaidi? Mnyama akikaa, sehemu gani ya mwili wake hubinuka hivi? Baada ya majibu, achukue soksi moja isiyofaa, aikate na kuivuta mbele ya darasa. Wote waone vitanzi vinavyoachia. Hapo ndipo atoe kanuni ya somo: shona kwanza, kata baadaye.

Kisha wafuate hatua hizi:

1. Geuza soksi ndani iwe nje. Ilaze mezani, kisigino kikitazama juu katikati.
2. Chora kwa chaki mstari wa sentimita 8 kutoka ncha ya vidole kuelekea kisigino. Pande mbili za mstari huo zitakuwa masikio.
3. Shona nusu sentimita kando ya mstari, uzunguke mwisho wake, urudi upande wa pili, hata mshono ufanane na herufi U. Kila mshono urudi nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele.
4. Sasa kata juu ya chaki, ukiishia kabla ya kugusa mshono.
5. Geuza soksi upande wake wa nje, na usukume masikio kwa kitako cha penseli.

Kipindi cha pili: kujaza na kufunga

6. Jaza kichwa kwa mafungu madogo madogo. Fungu kubwa huacha mabonge. Funga uzi shingoni, kiasi cha sentimita 8 chini ya masikio.
7. Jaza kiwiliwili. Kisigino kikae nyuma, kiwe makalio ya sungura.
8. Kunja mdomo wa soksi kwa ndani, pitisha uzi kuuzunguka, vuta mpaka ufunge, na upige fundo mara mbili.
9. Tarizi macho na pua kwa uzi mweusi. Usitumie vifungo, kwani sungura huyu huenda akapewa mdogo wa mwanafunzi, na mtoto wa chini ya miaka mitatu anaweza kukabwa na kifungo kilichong’oka.

Mwanafunzi akikosea, mwalimu asiishike sindano yake. Aonyeshe kwenye kitambaa kingine, kisha amwachie mtoto afumue na kushona tena.

Tathmini

Sungura asipewe alama kwa uzuri wa sura. Mwalimu auvute mshono taratibu kwa vidole viwili. Usipoachia, mtoto amefaulu, hata kama sikio moja limezidi jingine. Ukiachia, amwulize mtoto sababu. Jibu sahihi likifuatwa na marekebisho yake mwenyewe lihesabiwe kuwa kufaulu vilevile.

Hitimisho

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto aliyejua kuzuia soksi isifumuke ataweza pia kuziba tundu la fulana au sweta yake ya shule. Nawe, mwalimu mwanafunzi, ushone sungura wako kabla ya siku ya somo, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Pale sindano itakapokusumbua, ndipo patakapowasumbua wanafunzi wako.